Lenzi ya Mbali Nayo Ipige Hodi

Waswahili wamesema macho hayana pazia. Methali hii tumekua nayo, na aghalabu huitumia kumtetea mtu aliyeona jambo lisilomhusu. Alikuwa akipita njia, mlango ulikuwa wazi, jicho likaangukia ndani. Basi na asilaumiwe. Lakini wazee waliotuachia maneno hayo walikuwa wakilizungumzia jicho aliloumba Mwenyezi Mungu, ambalo mwisho wake ni ng'ambo ya pili ya mtaa. Hawakulijua jicho la kioo linaloweza kuhesabu nywele za sikio la mnyama aliye mbali. Jicho hilo ninalo mimi sasa, nimetoka nalo Isiolo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Mpwa wangu afanyaye kazi Maskati alikuja likizo na kunikabidhi boksi zito. "Mjomba," akaniambia, "kila siku unalalamika kwamba wanyama wako hutoka kwenye picha kama siafu. Haya, sasa hutakuwa na udhuru." Ndani ya boksi mlikuwa na lenzi ya kuvutia mbali, ya milimita 150 hadi 600, nene na ndefu kama chupa ya chai, yenye uzito wa karibu kilo mbili. Ukizungusha bangili yake, kitu cha mbali kinakujia mpaka puani. Nikaamua kwamba chombo kama hicho hakijaribiwi kwa kuwapiga picha kunguru wa Forodhani. Nikafunga mzigo, nikapanda basi la Nairobi, na kutoka hapo nikashika njia ya Nanyuki mpaka Isiolo.

Mji wa Isiolo si mgeni kwa Mwislamu wa pwani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo askari wa Kisomali waliomaliza kazi ya jeshi. Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana wanauziana na kununuliana katika soko moja. Adhana ya alfajiri ikilia utadhani uko kwenu, ila baridi itakukumbusha kwamba bahari iko mbali.

Lakini dunia haikuijua Isiolo kwa watu wake. Iliijua kwa simba. George Adamson, aliyekuwa bwana wanyama mkuu wa kaskazini, alikuwa na makao yake Isiolo wakati yeye na mkewe Joy walipomlea simba jike Elsa, kuanzia mwaka 1956. Kitabu cha Joy kilipotoka mwaka 1960 kikiwa na picha za simba huyo, kilisomwa duniani kote. Joy mwenyewe aliuawa katika hifadhi ya Shaba, huko huko Isiolo, tarehe 3 Januari 1980. Leo bado mtu wa Ulaya ukimtajia upande huo atakutajia simba, na mtu wa Isiolo asimjue hata mmoja. Jambo hilo nililichukua kuwa ni la wazungu na vitabu vyao. Sikujua kwamba nami nilikuwa njiani kwenda kulifanya.

MAZIGAZI

Hifadhi zenyewe ni tatu na ni majirani: Buffalo Springs na Shaba ziko Isiolo, na Samburu iko ng'ambo ya pili ya mto Ewaso Nyiro. Nchi ni kavu, udongo una rangi ya matofali, na kando ya mto imejipanga mikoma. Mtu wa pwani akiiona mikoma ile moyo wake hutulia, kwani ni jamaa wa miti yetu tunayochumia miyaa ya kusukia mikeka. Wanyama wa huko wana sifa yao. Yuko twiga mwenye miraba iliyochorwa kama kwa rula, choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu, mbuni wa Kisomali mwenye shingo na miguu ya rangi ya buluu, na punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya duara.

Siku ya kwanza nilijiona mfalme. Ilikuwa kiasi cha saa sita mchana. Kundi la choroa lilikuwa mbali, si chini ya mita 300, na dereva akaniuliza kama tusogee. Nikamjibu kwa kiburi kwamba hakuna haja, lenzi itawaleta. Kweli iliwaleta. Lakini nilipozitazama picha jioni nikaona choroa waliochemshwa: miguu imepinda, pembe zimekatika vipande, uso umetapakaa kama sura ya mtu ndani ya maji. Nikamlaumu mpwa wangu kwa kuuziwa kitu kibovu.

Kumbe lenzi haikuwa na kosa. Ardhi ikipata moto huipasha hewa iliyo juu yake, na hewa ya moto na ya baridi zikichanganyika huupinda mwanga usipite sawa. Ndiyo hayo tunayoyaita mazigazi, au sarabi, na msomaji wa Suratun Nur anaijua habari ya sarabi na mtu mwenye kiu. Kadiri unavyopiga kutoka mbali ndivyo hewa iliyo kati yenu inavyozidi, na lenzi inamkuza mnyama pamoja na mazigazi yake. Mpaka leo hakuna kiwanda kilichotengeneza kioo cha kuyafuta.

Isitoshe, mkono wa mtu hautulii. Kwenye milimita 600 mtikisiko mdogo wa kidole unaonekana mara kumi na mbili zaidi kuliko kwenye lenzi ya kawaida ya milimita 50. Na ukiivuta lenzi ya namna hii mpaka mwisho wake, tundu la kuingizia mwanga huwa dogo, kwa hivyo kamera inataka jua zaidi wakati huo huo unapotaka kuiharakisha. Dereva wangu, aliyezeeka katika kazi hiyo, alinionea huruma. Akanipeleka sokoni, tukanunua kilo mbili za maharage, tukayatia ndani ya mfuko wa nguo, tukaulaza mfuko juu ya kioo cha dirisha lililoteremshwa. Lenzi ikalala juu yake kama mtoto juu ya mto. Akazima injini, kwani injini inayonguruma huitikisa picha hata ukiwa na mkono wa chuma.

Siku ya pili tulikuwa ndani ya hifadhi jua likichomoza. Punda milia wa Grevy akatoka kwenye vichaka peke yake, akasimama kiasi cha mita 60. Hatukusogea. Alitutazama, tukamtazama, akaona hatuna habari naye, akaanza kula. Nilipiga picha kumi na tano tu. Ndani ya zile picha unaona umande juu ya ndevu zake, na kwenye mboni ya jicho unaliona gari letu, dogo kama punje ya mtama. Kwa umri wangu nimewaona punda milia mara nyingi, lakini sijapata kumwona mmoja.

Basi hilo ndilo somo la kwanza. Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na lenzi ya mbali nayo ni fimbo. Inakupunguzia safari, haikufutii. Bado lazima uamke kabla ya jua, umkaribie mnyama kwa adabu na ungoje. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kukaribia bila ya kumghasi. Nimeyaona magari saba yamemzunguka chui mmoja kama watu wanaogombania mafuta ya taa, kila mmoja akitaka kupiga kwa simu yake. Mwenye lenzi ndefu hana haja ya kuingia katika msukosuko huo. Anaweza kukaa kando na mnyama akabaki na njia yake.

MILIA NI CHETI

Kuna wanaouliza faida ya gharama zote hizi ni nini. Mtu na akili zake anunue bomba la bei ya ng'ombe kadhaa ili ampige picha punda? Swali ni la haki.

Punda milia wa Grevy amepewa jina la Jules Grévy, rais wa Ufaransa, ambaye mwaka 1882 aliletewa mnyama huyo zawadi na Menelik, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Uhabeshi. Wakati huo walikuwa wengi. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa kiasi cha 15,000. Leo waliobaki hawazidi elfu chache, na karibu wote wako Kenya, hasa katika nchi hizi za Isiolo, Samburu, Laikipia na Marsabit. Katika ukame wa mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali ilihesabu 49 waliokufa.

Sasa, milia ya punda ni kama alama za vidole vyetu, hakuna wawili walio sawa. Mwezi Januari 2016 raia wa kawaida, askari wa wanyama na wanafunzi walitawanyika kwa siku mbili wakiwa na kamera, wakaambiwa wawapige picha punda hawa ubavu wa kulia tu. Kompyuta ikaisoma milia ya kila mmoja, ikawatenga waliopigwa mara mbili, na hesabu ikatoka: 2,350. Mwaka 2018 kazi hiyo ikarudiwa, wakapatikana 2,812. Ubavu wa kulia ndio uliochaguliwa kwa sababu upande mmoja haufanani na wa pili. Ukichanganya, punda mmoja atahesabiwa wawili. Kwa lenzi yangu, mnyama aliye mita 100 anaingia katika fremu yenye upana wa mita sita, na milia yake inasomeka kama herufi. Mtu mwenye chombo cha namna hiyo si mchezaji tu. Akitaka, anaweza kuwa karani wa sensa.

Na picha huthibitisha yale ambayo mdomo hauwezi. Mwishoni mwa mwaka 2001 huko Samburu simba jike aliyepewa jina la Kamunyak alimchukua ndama wa choroa akawa anatembea naye na kulala naye, mpaka simba dume alipokuja akamla yule ndama. Nani angeyaamini hayo kwa maneno matupu? Angeambiwa msimulizi ameota.

HODI

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta ukurasani.

Siku ya tatu tulikuwa tunarudi mjini, nje ya hifadhi. Tukapita karibu na mkondo wa mchanga mkavu ambao watu wa huko huuita laga. Katikati ya mchanga palikuwa na kisima cha kuchimba kwa mikono, na ngamia wakinywa. Mwanga ulikuwa mzuri wa alasiri. Nikamwambia dereva asimame, nikauweka mfuko wangu wa maharage, nikaanza kupiga. Tulikuwa mbali, labda mita 150. Ngamia mmoja akainua kichwa, na nyuma yake akatokea mwanamke kijana akivuta maji. Alikuwa akiinama na kuinuka, na mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani. Alikuwa kwao, baina ya jamaa zake, hakuwa na sababu ya kujihadhari na mtu. Nami sikukiachia kitufe. Kamera za siku hizi hupiga picha kumi kwa sekunde moja, kwa hiyo mtu anaweza kukosa mara mia kabla hajapata kufikiri.

Kioo kikubwa mbele ya lenzi humeta juani. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mgunga akainuka, akaja moja kwa moja mpaka garini, bila ya haraka. Nikashuka, nikatoa salamu. Akaitikia kikamilifu, kisha akasema, "Kofia yako nimeiona kabla sijaliona hilo bomba. Nikasema huyu ni ndugu yetu, atakuja atoe salamu. Nimengoja salamu. Mbona limetangulia bomba?"

Sikuwa na jibu. Nikajisemea kwamba nilikuwa nawapiga ngamia. Akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Kwenye kiwambo cha kamera sura ya yule mwanamke ilikuwa wazi kabisa, jasho kwenye paji la uso, nywele zote. Mzee akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni mke wa mwanangu. Mimi mwenyewe ninayeishi naye sijamwona hivi."

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimekua nikiwaona wageni wa meli wakiingia vichochoroni mwetu na kamera, wakiwapiga picha mama zetu waliofunga buibui wakitoka sokoni, na wenyewe wakigeuza nyuso zao ukutani. Nakumbuka siku marehemu mama yangu aliporudi nyumbani akitetemeka kwa hasira kwa kuwa mgeni mmoja alimlenga kutoka dirisha la ghorofa, naye hakujua mpaka mtoto alipomwonyesha kwa kidole. Mara ngapi nimesimama barazani nikawalaumu watu hao na kuwaita wasio na haya! Na sasa mimi, mwenye kofia yangu, nimefunga safari mpaka Isiolo kumfanyia mama wa mtu mwingine jambo lile lile, tena kwa chombo kilicho bora kuliko chao.

Nikazifuta picha zile moja moja, mzee akitazama. Alipohakikisha hakuna iliyobaki, akaniambia, "Haya, sasa karibu chai." Tukanywa chai ya maziwa ya ngamia, na katika mazungumzo nikajifunza mengi kuliko yale ya siku tatu ndani ya gari. Alinieleza kwamba punda milia huja kisimani usiku, mifugo ikishaondoka, na kwamba watoto wa pale wanawajua wengine kwa makovu yao. Kabla sijaaga, yeye mwenyewe akataka apigwe picha na ngamia wake. Nilimpiga kwa simu, nikiwa hatua nne mbele yake. Ile lenzi haikuwa na kazi. Picha hiyo nimeisafisha na kumpelekea kwa mkono wa yule dereva.

HUKUMU YANGU

Najua watakuja wenye kusema kwamba asili ya makosa ni picha yenyewe, na wanavyuoni wamekhitilafiana katika suala la kupiga picha viumbe wenye roho. Mimi si mufti, sitaingia hapo. Nasema tu kwamba hata anayekwenda Makka hupigwa picha ya pasi, na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alitoa kitabu cha picha za Hijja mwaka 1978. Huyo huyo ndiye ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi za mwaka 1984 ziliiamsha dunia ikatoa chakula. Elimu yenyewe ya mwanga na jicho ina deni kwa Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitabu chake cha Mandhari miaka elfu moja iliyopita na kueleza kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni, wala jicho halitoi miale. Fani hii si ya kupewa na wengine. Ni yetu pia.

Wala sikubali neno la wale wanaosema kwamba siku hizi kila mtu anapiga picha, basi aibu imekwisha. Aibu haikwishi kwa kuwa wavunjaji wake wamekuwa wengi. Madrasani tulifundishwa kwamba hodi ni mara tatu, na asiyeitikiwa arudi. Sura ile ile yenye habari ya sarabi ndiyo yenye amri ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na amri ya kuinamisha macho. Lenzi ya milimita 600 inaingia nyumbani kwa mtu bila ya kugusa kizingiti. Aliyeishika hawezi kujitetea kwamba alikuwa mbali, kwa sababu umbali ndio uliomficha.

Basi mimi nagawanya hivi. Kwa mnyama, lenzi ya mbali ni adabu, kwani inamwachia nafasi yake, haimfukuzi majini wala haimtenganishi na mtoto wake. Tangu mwaka 1977 Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, tumebaki na silaha hii moja tu, na ni bora kuliko bunduki mara elfu. Kwa binadamu, lenzi hiyo hiyo ni wizi, isipokuwa amekubali. Anayetaka sura ya mtu aitie lenzi yake mfukoni, ashuke garini, atoe salamu, aombe. Akikataliwa, aseme ahsante na aondoke. Madereva na waongozaji wa watalii nao wasikae kimya wakingoja bakshishi. Wao ndio wenye nchi, na neno lao moja lingewaokoa wageni wengi wasiojua. Mimi mwenyewe nilimuuliza dereva wangu kwa nini hakunizuia. Akanijibu, "Niliona kofia, nikadhani wewe unajua."

Na vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi ningependa waende Isiolo na kamera zao. Wasiwaachie wageni peke yao kazi ya kuionyesha dunia wanyama wetu. Waende wakawahesabu punda milia ubavu wa kulia, walale kwa watu, wajifunze majina ya laga na visima. Wakirudi watuletee picha za Isiolo yenye wanyama na wenyeji wake pamoja, wenyeji waliotazama kamera kwa ridhaa yao.

Maharage yangu nimerudi nayo nyumbani. Mke wangu ameyapika kwa nazi, na mpwa wangu amekula akiniuliza kama lenzi ni nzuri. Nimemjibu kwamba ni nzuri sana, ila mwenye nayo ndiye aliyehitaji kufundishwa.